Albamu isiyo na jina na kesi ya wahakiki wa roki

Januari 2024, kampuni ya Condé Nast ilipotangaza kuiunganisha Pitchfork, tovuti ya uhakiki wa muziki, na jarida la wanaume la GQ, na waandishi kadhaa kupoteza kazi, wapo walioona hakuna cha kulilia. Hoja yao ni ya zamani: wahakiki, hasa wa roki nzito, wamekosea mno. Kazi ya uhakiki wa roki ilianza kupata sura Marekani mwaka 1966, mwanafunzi Paul Williams alipoanzisha jarida la Crawdaddy. Rolling Stone likafuata 1967, Creem 1969, na huko Uingereza Kerrang! mwaka 1981. Lakini katika historia yote hiyo, kesi isiyokosa kutajwa ni ya kundi la Uingereza la Led Zeppelin.

Albamu yao ya kwanza, iliyorekodiwa London kwa takriban saa 36, ilitoka Januari 1969. Machi 15, John Mendelsohn aliihakiki katika Rolling Stone. Alikiri kwamba Jimmy Page, kiongozi wa kundi, ni fundi wa gitaa, kisha akamshusha: mtayarishaji hafifu, mtunzi wa nyimbo dhaifu, na kundi lake halina jipya mbele ya kundi jingine la Uingereza, Jeff Beck Group. Kinyongo cha kundi dhidi ya wahakiki kilikaa. Novemba 1971 kundi lilitoa albamu ya nne bila kuandika jina lake wala la albamu kwenye jalada, muziki ujisemee wenyewe. Mbele kuna picha tu ya mzee aliyeinama kwa mzigo wa kuni, imetundikwa kwenye ukuta uliobanduka karatasi. Ndani, kila mwanamuziki ana alama yake. Chema chajiuza, na kweli kilijiuza: Marekani pekee mauzo yaliyothibitishwa yamepita nakala milioni 20. Mwaka 2003, Rolling Stone lenyewe liliiweka ile albamu ya kwanza nafasi ya 29 kati ya 500 bora.

Je, methali imewashinda wahakiki? Sidhani. Albamu hiyo isiyo na jina ilisifiwa na jarida lilelile, kwa kalamu ya Lenny Kaye, kwa hiyo si kweli kwamba palikuwa na chuki tupu. Mendelsohn naye alikosea hukumu, lakini alitaja sababu ambazo mwenye santuri za makundi yote mawili, Led Zeppelin na Jeff Beck Group, angeweza kuzipima kwa masikio yake. Hata shaka yake kuhusu utunzi ilikuwa na mashiko: “Dazed and Confused”, uliobeba jina la Page peke yake, ulitokana na wimbo wa Jake Holmes wa mwaka 1967, na matoleo ya baadaye yanamtaja Holmes.

Mwaka 2018 Pitchfork iliipa albamu ya kundi la roki la Greta Van Fleet maksi 1.6 kati ya 10, kwa kosa la kuwaiga Led Zeppelin. Walioshutumiwa jana kwamba hawana jipya ndio leo waliogeuka kipimo. Iliyosambaa ni ile 1.6, hoja zilizoizaa zilisomwa na wachache. Atauliza mtu: albamu karibu zote sasa zinaweza kusikilizwa bila kununuliwa, mhakiki wa nini? Zamani alimwokolea msomaji fedha. Leo humwokolea muda, na humpa neno la kubishana nalo. Wahariri wanaofuta kurasa za uhakiki wasijifiche nyuma ya makosa ya 1969. Kosa lile lilisahihishika kwa sababu liliandikwa pamoja na sababu zake.