Kutoka mwalimu wa harambee hadi mgeni wa wiki mbili

Kenya ilipojitawala mwaka 1963, nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151. Huku Nyanza zenye jina zilikuwa za kuhesabu, Maseno ya mwaka 1906 ikiwa mbele, na nje ya malango yake kulikuwa na umati wa watoto waliofaulu shule ya msingi na kukosa pa kwenda. Wazazi hawakuisubiri serikali. Walichanga shilingi, wakauza ng'ombe, wakabeba mawe, na shule za harambee zikaanza kuota vijijini kote. Kujenga kuta hakukuwa kazi kubwa. Mwalimu ndiye aliyekosekana.

Pengo hilo ndilo lililomfungulia mlango kijana wa kujitolea kutoka ng'ambo. Wamarekani na Waingereza wa mpango wa walimu wa Afrika Mashariki walikuwa wameanza kuja mwaka 1961, wakipitia Makerere. Peace Corps, shirika lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka huohuo, lilifika Kenya mwishoni mwa 1964. Uingereza nayo ilikuwa na shirika lake la kujitolea, VSO, na historia yake ina jambo ambalo wengi wamelisahau: Alec Dickson na mkewe Mora walipoianzisha mwaka 1958, waliowapeleka nje walikuwa vijana wa miaka 18 hivi, waliotoka shule ya upili na kusubiri chuo kikuu. Jeshi la lazima lilikuwa linafikia mwisho Uingereza, na Dickson aliamini vijana hao walihitaji kazi ya kuwakomaza. Kwa hiyo tangu mwanzo safari hizi zilikuwa na wanufaika wawili, na Dickson hakuuficha ukweli huo. Baadaye VSO iliachana na watoto wa shule, ikachukua wenye shahada na ujuzi. Nchi walikokwenda zilitaka mtu anayejua kazi.

Sitawasifu kupita kiasi walimu wale wa miaka ya sitini. Wengine walikuwa wamewazidi wanafunzi wao miaka michache tu, na ualimu walijifunzia darasani mbele ya watoto wa watu. Lakini walikaa mwaka mmoja, miwili. Kijiji ndicho kilichokuwa kimeomba mwalimu, naye alikuwa chini ya mwalimu mkuu kama walimu wengine. Wakenya walipotoka vyuoni, Siriba hapo Maseno kikiwa kimojawapo, wageni walipungua kwa sababu kazi yao ilikuwa imepata wenyewe.

Wimbi la pili lililetwa na msiba. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa Nyanza asilimia 14.9 ya watu wazima walikuwa na virusi vya ukimwi, mara mbili ya wastani wa nchi. Dawa za ukimwi zilikuwa zikitolewa bure katika hospitali za umma tangu 2006 tu. Kuanzia Homa Bay hadi Siaya, nyanya waliowazika watoto wao walibaki na wajukuu watano, sita. Kwa Wajaluo mtoto wa marehemu ni wa ukoo, ila ukoo wenyewe ulikuwa umeelemewa. Makanisa na watu binafsi wakafungua makao ya watoto, mengi kwa nia njema.

Mgeni aliyefuata alikuwa mwanafunzi wa shule ya upili, amelipia safari, amekuja kwenye makao hayo kwa wiki mbili wakati wa likizo, na kwao vyuo vikuu hupenda kusoma habari za namna hiyo kwenye fomu. Alipaka ukuta rangi huku mafundi wa Kondele, Kisumu, wakikosa kibarua. Alibeba watoto, akapigwa picha, akaondoka, na wiki iliyofuata mtoto yuleyule akabebwa na mwingine. Simlaumu kijana. Ninawalaumu watu wazima waliouza safari, na wale wa kwetu waliogundua kuwa yatima huvuta fedha kuliko nyanya anayehitaji karo na unga. Save the Children ilisema mwaka 2009 kuwa watoto wanne kati ya watano walio katika makao duniani wana mzazi aliye hai.

Hatari haikuishia kwenye huzuni ya kuachwa. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 40 kijana wa Oklahoma aliyewadhulumu kingono watoto wa makao fulani Nairobi alikokuwa akijitolea. Novemba 2017 Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likataka nchi zidhibiti kazi za kujitolea katika makao ya yatima. Kisha Korona ikafunga viwanja vya ndege. Mwaka 2022 serikali ilitoa mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwa jamaa zao, na Kisumu ni miongoni mwa kaunti ambako kazi hiyo ilianza mapema.

Ipo pia safari ya upande wa pili, ambayo haisimuliwi vya kutosha. Milton Ochieng' wa Lwala, Migori, alipopata nafasi Dartmouth, Marekani, majirani waliuza mifugo na kuku ili apate nauli. Akiwa huko alikwenda na wanafunzi wenzake kujitolea Nicaragua, wakasaidia kujenga zahanati, na akajiuliza kwa nini Lwala isiwe na yake. Yeye na mdogo wake Fred walifungua zahanati ya kijiji chao mwaka 2007. Tofauti yake na mgeni wa likizo ni kwamba waliomlipia nauli walijua jina lake na nyumba ya baba yake, na aliporudi aliwajibika kwao.

Basi mwalimu mkuu au mchungaji wa huku ziwani anayepokea barua ya kikundi cha wanafunzi kutoka ng'ambo aulize kwanza: nani aliomba waje, watakaa muda gani, na fundi wa hapa atakosa nini? Na kama wanataka kuja kwa watoto wa makao, amwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo kabla ya kujibu barua hiyo.