Pembe Zilizotolewa kwa Hofu

Jina la Sumbawanga, wasemavyo wenyewe Wafipa, maana yake ni "tupa uchawi". Sisi wa pwani hulitaja kwa mzaha, pengine kwa kicho. Ni wachache wanaojiuliza: huyo aliyeamriwa autupe uchawi, alitupa nini hasa?

Mwaka 1963 na 1964 nyanda za juu za Ufipa zilipitiwa na wasaka-wachawi walioitwa Kamcape. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, alikuwako huko na akaandika habari zao. Watu walitakiwa kusalimisha dawa zao mbaya, na aliyetajwa kuwa mchawi alibanwa akiri. Mambo hayo hayakuwa mageni. Mnamo 1933, huko Ubemba, jirani wa kusini, wanakijiji walipitishwa mmoja mmoja nyuma ya msakaji aliyewatazama katika kioo kidogo. Audrey Richards, aliyezikagua pembe zilizosalimishwa, alikuta nyingi mno ni za dawa za kawaida tu, zisizokusudiwa kumdhuru mtu.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu aliyetakiwa kutoa pembe, na akijua kwamba asipotoa ataitwa mkaidi, hutoa yoyote iliyomo nyumbani. Msakaji naye huliona rundo akasema: si niliwaambia? Na ulimi ni vivyo hivyo. Maumivu yakiwa hayakomi mpaka litamkwe neno linalotakiwa, mwenye hatia na asiye nayo watasema mamoja, na msikilizaji hana mizani ya kuwatenga. Sikatai kwamba mara moja moja huponyoka neno la kweli. Lakini atalijuaje, na yeye ndiye aliyelitia kinywani?

Dola nayo imewahi kukishika kioo hicho. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilikusudia kukomesha mauaji yaliyozagaa Mwanza na Shinyanga, mengi yakiwa ya watu walioshukiwa uchawi. Nia ilikuwa njema. Lakini watuhumiwa waliteswa ili waseme, na mwaka 1976 kadhaa wao wakafia mikononi mwa wahoji. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu, ingawa hakumgusa mtu hata kwa ukucha. Visiwani twamkumbuka zaidi kwa urais wake wa 1984. Baadhi ya maofisa walishtakiwa na kutiwa hatiani.

Kujiuzulu kule husifiwa sana, na kwastahiki. Linalosahauliwa ni hesabu ya upelelezi wenyewe. Waliokufa, kama walijua lolote, walikwenda nalo kaburini. Kama hawakujua, waliwatia wahoji katika njia ya majina ya kubuni, huku wauaji wa kweli wakilala majumbani mwao. Na vikongwe wa Usukuma waliendelea kuuawa kwa miongo kadhaa baadaye, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, yaliyotokana na moshi wa kuni.