Tanzanaiti na Taa ya Mpimaji

Tangu tanzanaiti igunduliwe Mirerani mwaka 1967, fahari yake imekuwa rangi. Juani kito hiki huelekea buluu. Usiku, chini ya balbu ya waya, huelekea zambarau, kwa kuwa mwanga wa balbu hiyo una wekundu tele na ubuluu haba. Hivyo mchimbaji na mnunuzi waweza kubishana, na kila mmoja akawa mkweli. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwanga ilisanifisha mwanga wa balbu na wa mchana, ili rangi zipimwe kwa tarakimu. Nasi hatuna budi kukipima kito chetu katika mwanga wa aina zote mbili, kwani achaguaye taa peke yake huchagua na bei.