Wimbi Halina Ncha

Fundi wa dishi akiwa juu ya bati hana muda wa maneno marefu. Anamuuliza aliyeshika rimoti, "Hiyo ni V au H?" V ni wima, H ni mlalo. Kwenye menyu ya king'amuzi herufi hiyo hukaa jirani na namba za masafa, na ukiikosea, chaneli haipatikani hata kama masafa umeyaandika sawasawa. Kwa dishi nyingi za majumbani, king'amuzi hutuma agizo kwa volti: zikiwa 13 kwenye waya, kichwa cha dishi hupokea mawimbi ya wima, zikiwa 18, ya mlalo. Kazi imekwisha. Neno ambalo wahandisi hulitaja kwa silabi saba, polaraizesheni, fundi hajalihitaji.

Na neno hilo lina dosari ya kuzaliwa nayo. Mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus alitazama, kupitia kipande cha kalsiti, jua la magharibi lililokuwa likimulika madirisha ya Kasri la Luxembourg, Paris. Kalsiti huonyesha kila kitu mara mbili. Alipoizungusha, taswira moja ilififia. Malus aliamini kwamba nuru ni chembechembe, akadhani chembe hizo zina ncha kama za sumaku, na kwamba kioo kinapoakisi nuru huzipanga ncha hizo upande mmoja. Akatunga jina kutokana na ncha. Miaka ya 1820 Mfaransa mwenzake, Fresnel, alionyesha kwamba nuru ni wimbi linalotikisika kukingama njia linayopita. Ncha zikafutika katika fizikia, jina likasalia.

Sasa mtunzi wa istilahi akilifuata neno kwa mzizi wake, atatuletea "ncha", yaani atatafsiri kosa la Malus. Akilifuata kwa maana yake ya magazetini, atapata "mgawanyiko", na msomaji atadhani antena zimegombana. Mimi napendekeza mkao. Wimbi la redio lina uga wa umeme, na uga huo hutikisika wima, mlalo, au mshazari kama ilivyo kwa antena nyingi za minara ya simu, zenye jozi ya nyuzi 45 kushoto na kulia. Huo ndio mkao wa wimbi. (Tusiseme "ulalo" kwa maana ya mlalo: darasani ulalo ni mstari unaokata mraba pembe kwa pembe.)

Kwa hiyo rada ya hali ya hewa inayorusha mawimbi ya wima na ya mlalo kwa pamoja ni rada ya mikao miwili. Wala si "maradufu", maana nguvu haiongezeki. Mara nyingi mtambo mmoja hugawa nguvu zake nusu kwa nusu, kila mkao ukapata pungufu.

Inachopata rada kwa kupoteza nguvu hizo ni umbo. Tone dogo la mvua ni duara, lakini tone la milimita kadhaa husukumwa na hewa kwa chini likabapa kama kitumbua. Mwangwi wa mkao mlalo hurudi na nguvu zaidi kuliko wa wima. Mwaka 1976 watafiti Seliga na Bringi walipendekeza tofauti hiyo, inayohesabiwa kwa desibeli, itumike kupima mvua. Mvua ya mawe huanguka ikibiringika, haina upande mpana wa kudumu, na tofauti hukaribia sifuri. Mwangwi mkali wenye tofauti ndogo, basi, humwambia mtabiri kwamba huenda ni mawe. Kipimo kingine hulinganisha jinsi miangwi ya mikao yote miwili inavyofanana: mvua tupu huwa karibu na 1, ila mbao, majani na mabati yaliyorushwa na tonado hukishusha sana. Marekani ilizigeuza rada zake za taifa kuwa za mikao miwili kati ya 2011 na 2013, na tangu hapo mtabiri anaweza kuviona vifusi hewani hata usiku, kabla simu ya kwanza haijapigwa.

Kipimo cha kwanza nakiita tofauti ya miangwi, cha pili ulinganifu wa miangwi. Walimu wa fizikia na wahariri wa kamusi wayajaribu maneno haya darasani na kazini. Mwenye neno bora kuliko mkao alilete, mradi lisiwe na ncha.