Kalemie na Sera ya Njia ya Taifa

Historia ya bandari ya Kalemie, iliyoitwa Albertville zama za ukoloni wa Kibelgiji, mara nyingi huelezwa kwa tarehe za reli peke yake. Tarehe hizo ni sahihi, ila hazielezi kwa nini shaba ya Katanga haikuufanya mji huo kuwa mlango wake wa kuelekea baharini. Kampuni ya CFL, iliyoasisiwa mwaka 1902 na tajiri Édouard Empain, ilifikisha reli kutoka Kabalo hadi ziwani mwaka 1915. Ng'ambo ya Tanganyika, reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kufika Kigoma mwaka 1914. Na kwa mkataba wa 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji sehemu za bandari katika miji hiyo miwili. Njia ilikuwepo.

Kilichokosekana ni watetezi. Union Minière, iliyochimba shaba, na BCK, kampuni ya reli, zilianzishwa mwaka mmoja, 1906, na nyuma ya zote mbili ilisimama Société Générale ya Brussels. Jean Jadot aliiongoza hadi 1932. Émile Francqui, aliyemrithi, alikuwa amefika Katanga zamani akiwa ofisa katika utumishi wa Dola Huru la Kongo. Kati ya watu wa namna hiyo na Wizara ya Makoloni hapakuhitajika hila wala rushwa: walifahamiana, walitegemeana, na koloni lenyewe lilikuwa na maslahi katika hisa za Union Minière. Mawaziri walibadilika, mazoea yakabaki.

Ndipo ilipostawi sera ya "njia ya taifa": reli ya Bukama hadi Ilebo, iliyokamilika 1928, kisha mito mpaka Léopoldville, kisha reli tena hadi Matadi. Silaha yake kubwa ilikuwa nauli, iliyopangwa ili kuipendelea njia hiyo. Wengine hudai kwamba njia ya ziwa ilihitaji kupakua na kupakia mara nyingi mno. Hoja hiyo ni dhaifu, maana kazi hiyohiyo ilifanyika Ilebo na Léopoldville.

CFL nayo haikuwa yatima: dola liliidhamini riba ya asilimia 4 na kuipa hektari milioni 4 za ardhi. Lakini ilikuwa nje ya duara la shaba, na reli yake haikuungana na ile ya BCK, kwa kipande cha Kabalo hadi Kamina, mpaka mwaka 1956. Wachukuzi wa bandarini, ambao ujira wao ulitegemea shehena, hawakuwa na kiti katika vikao vilivyopanga nauli.