Shule ya umma ya mtandaoni

Shule ya umma ya mtandaoni ni shule inayogharimiwa na serikali ambayo wanafunzi wake husoma nyumbani kwa njia ya intaneti badala ya kwenda darasani. Makala hii inahusu shule za aina hiyo nchini Marekani, hasa matokeo na takwimu za wanafunzi wake.

Historia

Florida Virtual School ilianzishwa mwaka 1997 ikiwa kati ya shule za kwanza za sekondari za mtandaoni kuhudumia jimbo zima. Wengi waliichukulia kama nyongeza: mwanafunzi alibaki katika shule yake akachukua huko somo moja au mawili. Baadaye ziliongezeka shule zinazochukua nafasi ya shule ya kawaida kabisa. Nyingine ni kubwa mno. Nyingine huendeshwa na wilaya ya elimu na wanafunzi wake hawafiki hata mia mbili.

Wanafunzi

Kwa jumla, shule hizi zina wanafunzi Wazungu wengi zaidi, na wenye asili ya Amerika ya Kilatini wachache zaidi, kuliko wastani wa shule za umma nchini. Wako watoto wagonjwa, walioonewa na wenzao, wanamichezo wanaosafiri, wanaoishi mbali vijijini, na vijana waliokwisha kurudi nyuma kimasomo. Wengi huingia katikati ya mwaka na kuondoka kabla haujaisha. Mtoto mdogo humhitaji mtu mzima wa kukaa naye, hivyo familia ambayo wazazi wote hushinda kazini hupata shida.

Matokeo

Mwaka 2015 kituo cha utafiti cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha utafiti juu ya shule za mkataba za mtandaoni. Kwa mwaka wa masomo wa siku 180, wanafunzi wake walikuwa nyuma ya wenzao wanaofanana nao kwa kiasi cha siku 72 katika kusoma na siku 180 katika hisabati, yaani kana kwamba hawakusoma hisabati kabisa. Utafiti huo haukuhusu shule zote za mtandaoni.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inataka angalau asilimia 95 ya wanafunzi wafanye mitihani ya jimbo. Pale mtihani unapofanyika kituoni, watoto waliotawanyika jimbo zima hulazimika kusafiri, na wasiofika hushusha hesabu.

Kwa shule ndogo, asilimia hudanganya kwa urahisi. Tuseme darasa la nane lina wanafunzi 12 na 6 wamefaulu: ni asilimia 50. Mwaka unaofuata wakifaulu 9, ni asilimia 75, na shule itasifiwa kwa maendeleo makubwa, kumbe tofauti ni watoto watatu, tena si wale wale. Kundi likiwa dogo mno, matokeo yake hufichwa ili mtoto asitambulike; kwa hiyo jedwali la shule ndogo huwa na nafasi nyingi tupu.

Mahudhurio ni tatizo jingine, kwa kuwa kufungua kompyuta si kusoma. Huko Ohio, Electronic Classroom of Tomorrow, iliyofunguliwa mwaka 2000, ilishindwa kuthibitisha idadi ya wanafunzi iliyolipiwa. Jimbo liliidai mamilioni ya dola, nayo ikafungwa Januari 2018 katikati ya mwaka wa masomo, na maelfu ya wanafunzi wakalazimika kutafuta shule nyingine.