Ujamaa Kabla ya Amri: Habari za Litowa, 1960–1969

Neno ujamaa majumbani kwetu halitamkwi kwa uso mkunjufu. Wengi wetu tuliozaliwa hapa Maskati tulilisikia kwanza kwa bibi na babu, nalo lilikuja limefuatana na foleni ya sukari, duka lililochukuliwa, na shamba la mikarafuu lililogawiwa watu wengine ekari tatu tatu. Kwa hiyo ilipopendekezwa katika kikundi chetu cha historia kwamba muhula huu tusome juu ya kazi za maendeleo vijijini Tanzania, wawili kati yetu walikataa. Mmoja alisema waziwazi, "Hao ndio waliotufilisi." Tulisoma hata hivyo. Makala hii imetokana na masomo hayo, na pia na mabishano yaliyofuata, ambayo hayajesha.

Kwanza ilitubidi kutenganisha mambo ambayo nyumbani hutiwa katika chungu kimoja. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa tarehe 12 Januari 1964, na ardhi ya visiwani ilitaifishwa chini ya serikali ya Abeid Karume. Azimio la Arusha lilikuwa la TANU, bara, Februari 1967. Sheria iliyochukua majumba ya kupangisha bara ilipitishwa 1971. Zimo familia zilizopigwa na zaidi ya moja kati ya hayo: waliondoka Unguja wakaanza upya bara, kisha wakapoteza tena. Lakini si jambo moja, na halikuanzwa na watu wamoja. Tena sisi tunaosema Kiarabu tunajua neno lenyewe limetoka wapi. Jamaa kwa Kiarabu ni kundi la watu, na ndiyo maana tunasali jamaa. Kiswahili kikalipokea kikalifanya ndugu. Julius Nyerere aliandika kijitabu chake juu ya ujamaa mwaka 1962, na humo ujamaa ni ile hali ya ndugu kutoachana na njaa. Hakuna polisi ndani yake.

Tulichokuwa tukikitafuta kilikuwa mbali na Unguja na mbali na Dar es Salaam. Kilikuwa Songea, kusini kabisa, karibu na mpaka wa Msumbiji.

Mwaka 1960, kabla ya uhuru, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliamua kwenda porini kufungua kijiji chao wenyewe, mahali paitwapo Litowa. Hawakutumwa. Hawakuwa na trekta wala mkopo. Jaribio la kwanza halikusimama, kwa sababu chakula kiliwaishia. Waliondoka, kisha wakarudi tena. Sisi tuliposoma habari hii tulisita hapo kwa muda, maana katika vitabu vya maendeleo watu huanza kwa mafanikio, na kushindwa huja baadaye kwa sababu ya ukame au ya mtu mwovu. Hawa walianza kwa kushindwa, wakarudi wakiwa wanajua njaa ya mahali pale ikoje.

Safari hii Litowa ikashika. Walilima pamoja, wakagawana mavuno na fedha, na wenyeji wa vijiji vingine walipoona wakataka kufanya hivyo hivyo. Mwaka 1963 wakaunda chama cha maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana zaidi kwa herufi RDA, na mwishoni kilikuwa na vijiji vipatavyo 17. Mshauri wao alikuwa Mwingereza, Ralph Ibbott, mkadiriaji majenzi aliyewahi kufanya kazi katika shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, mahali weusi na weupe walipofanya kazi pamoja wakati sheria za nchi hazikupenda. Yeye na mkewe Noreen waliishi Litowa na watoto wao. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 2014, na sehemu kubwa ya tunayojua tumeyapata humo, kwa hiyo msomaji akumbuke kwamba huyu ni shahidi aliyekuwa upande mmoja.

Jambo lililotushika sana si mashamba bali ni kinu. RDA walinunua mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Waweza kudhani ni jambo dogo. Lakini mkulima anayeuza mahindi gunia kwa gunia humwachia mwingine faida ya unga, na mwingine huyo mara nyingi yuko mjini. Kwa kumiliki kinu, wakulima wa vijiji vya mbali walikuwa na mlango wao mjini. Baadaye wakawa na kiwanda cha kupasua mbao na karakana ya ufundi. Vijana wao walijifunza kuendesha vitu hivyo wenyewe. Hivyo fedha ya kijiji ilizunguka kijijini mara ya pili na ya tatu kabla haijatoka.

Halafu shule. Shule ya Litowa ilipokea watoto wa vijiji vya RDA, nao walilima na kuhudumia shule pamoja na walimu wao, wakijifunza mambo ya kuwafaa watakaobaki kijijini, wala si ya wachache watakaopasi na kuondoka. Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, mengi aliyoyaandika yalikuwa tayari yanafanyika Litowa. Alikuwa amewatembelea, akawapenda, na viongozi wengine walipelekwa kule wakaone. Ujamaa Vijijini ulipotoka Septemba mwaka huo huo, RDA ndio waliokuwa mfano ulio hai.

Na maamuzi yalifanyika mkutanoni. Hapa wenzetu ambao wazee wao ni wa Izki na Ibra walitabasamu. Walisema hii si habari ngeni, hii ni falaji. Kweli inafanana. Maji ya falaji ni ya wote wenye hisa, kila mmoja ana zamu yake iliyopimwa kwa athari, na kila athari ni kama nusu saa. Wakili wa falaji anasimamia, lakini hawezi kuyahamisha maji apendavyo. Mfereji ukiziba, wenye maji ndio wanaogharimia kuuzibua. Vijiji vya Oman vimeishi hivyo karne nyingi bila ya kumngoja mtu kutoka Maskati. (Mwenzetu mmoja aliongeza kwamba hata ugomvi wa falaji umedumu karne nyingi. Tunakubali. Hatusemi Litowa hawakugombana.)

Sasa tuje kwenye mwaka 1969.

Chama kinachomiliki kinu, shule na karakana, na ambacho watu wake wamezoea kuuliza kwanza, huwa kero kwa mkuu aliyezoea kutoa maagizo. Viongozi wa chama na serikali mkoani hawakufurahia vijiji vilivyokuwa na makao yao wenyewe ya uamuzi, vikapata misaada kutoka nje bila ya kupitia kwao, na vikawa na Mzungu ndani. Wakati huo huo TANU ilikuwa imeamua kwamba kazi ya kujenga vijiji vya ujamaa ni ya chama chenyewe. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikutana Dar es Salaam, Nyerere akiwa mwenyekiti, ikaamua kuivunja RDA. Mali yake ikachukuliwa, kinu kikiwamo. Wageni wakaondoka nchini. Walimu wa Litowa wakahamishwa, huyu huku na yule kule.

Hakuna aliyeuawa, na labda ndiyo sababu habari hii haisimuliwi sana. Tulibishana juu ya Nyerere kwa wiki mbili. Baadhi yetu wanasema alishindwa kwa kura za wenzake katika kamati na hakuwa na la kufanya. Wengine wanasema mtu aliyeweza kutaifisha mabenki yote kwa wiki moja angeweza kukiokoa kinu kimoja. Sisi wengi tunaelekea upande wa pili, ingawa tunajua kwamba ni rahisi kwetu kumhukumu, kwa sababu za nyumbani.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Hiari ilipochelewa, Novemba 1973 Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri. Katika miaka michache mamilioni ya watu walihamishwa, baadhi wakivunjiwa nyumba zao ili wasirudi. Wengine walipelekwa mahali pasipo na maji, au mbali na mashamba yao. Ukame nao ukaja miaka ile ile, na nchi ikanunua chakula kutoka nje. Yote hayo yaliitwa ujamaa. Neno lililochaguliwa na vijana wa Litowa kwa miguu yao likawa jina la lori linalokuja kukuhamisha.

Mwalimu wetu aliposoma rasimu ya makala hii alituuliza swali lililotusumbua: mbona ninyi nchi yenu imeendelea kutoka juu, na hamlalamiki? Ni kweli. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na shule tatu za serikali, zote za wavulana, na barabara ya lami ya kilomita chache tu. Sultan Qaboos aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi, na wazee wetu wakaja na Kiswahili chao, wakawa wauguzi, walimu na makarani wa maendeleo hayo. Barabara, zahanati na umeme vilishuka kutoka Maskati hadi vijijini, na hakuna bibi yetu hata mmoja anayetaka virudishwe.

Jibu letu, ambalo wawili wale hawakuliunga mkono, ni hili. Oman ilikuwa na mafuta. Serikali iliweza kumpa mwanakijiji barabara bila ya kumwomba kitu. Tanzania haikuwa na cha kushusha. Mtaji wake ulikuwa ni ile hiari ya watu kulima pamoja baada ya kushindwa mara ya kwanza, nao ndio ulioharibiwa Songea mwaka 1969. Magunia ya mahindi huweza kuagizwa kutoka nje. Hiari ya watu 17 walio tayari kusikilizana, achilia mbali vijiji 17, haiagizwi. Na hata hapa, vijiji ambavyo falaji yake imekauka sasa vina maji ya bomba kutoka serikalini, ila havina tena sababu ya wazee kukutana chini ya mwembe kuhesabu athari. Hilo halikuwamo katika mpango wa mtu yeyote. Tunalitaja tu.

Mwenzetu mmoja alimsomea bibi yake rasimu, huko Al Khoudh, siku ya Ijumaa baada ya chakula. Bibi ni wa Unguja, na kwa muda mrefu alisikiliza bila ya kusema neno, akimenya machungwa. Mambo ya Azimio la Arusha hayakumshughulisha. Lakini kwenye kinu alisimamisha msomaji.

"Kinu walikinunua wenyewe?"

"Wenyewe, bibi."

"Na waliokichukua ni serikali?"

"Ndiyo. Serikali na chama."

Akaweka kisu chini. "Kumbe na wao pia," alisema. Kisha akataka asomewe tena kuanzia mwanzo, pale vijana walipoishiwa na chakula.